Vituo vitano tu, najuaje ni ufa wa aina gani?

Kirumba wa Ziwa: Wakuu, habari za jioni. Naandika tasnifu, tetemeko dogo la Kagera, ukubwa 3 na kitu. Nimesoma wimbi la P, lile la kwanza kufika, kwenye vituo vitano vya kupima matetemeko: ardhi ilianza kusukumwa juu au kuvutwa chini. Vinatosha kusema ni ufa wa kushuka (upande mmoja wa mwamba hushuka ardhi ikitanuka), si wa kuteleza kando? Nakabidhi Ijumaa, usingizi sina.

Mama Rubisi: Tetemeko usinitajie. 10 Septemba 2016, Jumamosi mchana, nilikuwa Hamugembe, Bukoba, naosha vyombo. 5.9 ile! Ukuta wa jiko ulimfuata kuku hadi uani. Kuku akapona.

Mtumishi77: Ni dalili hizi. Tutubu.

Jiwe Gumu: Mkuu, usihesabu vituo, tazama viko wapi. Vikiwa upande mmoja, ufa wa kila aina utakubaliana na data yako.

Kirumba wa Ziwa: Vyote viko magharibi ya kitovu. Mashariki ni ziwa, ningefunga kituo mgongoni kwa sangara?

Jiwe Gumu: Basi ongeza uwiano wa ukubwa wa wimbi la S, lile la pili kufika, kwa P, au linganisha umbo zima la mawimbi. Vyote vitano vinasema kushuka?

Kirumba wa Ziwa: Vinne.

Jiwe Gumu: Na cha tano?

Kirumba wa Ziwa: Kilisoma juu. Nimekigeuza kiwe chini. Msinirukie, waya hufungwa kinyume, inajulikana. Halafu hili ni Bonde la Ufa, ardhi inatanuka, hata tetemeko la Mlima Gelai, kaskazini mwa Tanzania, 2007 lilikuwa la kushuka. Na sura ya matokeo nimeshaiandika.

Jiwe Gumu: Gelai iko tawi la mashariki la Bonde. Wewe uko katikati ya matawi mawili.

Fundi Koili: Hii chai. Juzi si wewe uliyekuwa unauza shamba la vanila Muleba? Leo mtaalamu wa matetemeko?

Kirumba wa Ziwa: Shamba ni la baba. Ada unadhani inatoka wapi?

Jiwe Gumu: Chai au si chai, kipimo kipo. Tafuta tetemeko kubwa la mbali, tuseme la Indonesia. Likifika huku, P itavisukuma vituo vyako vyote upande mmoja. Chenye waya zilizogeuka kitakwenda kinyume na wenzake.

Kirumba wa Ziwa (saa 7 usiku): Nimefungua matatu. Vyote vimekwenda pamoja. Hata kile.

Mama Rubisi: Pole mwanangu. Shamba bado linauzwa?