Programu ya kuhesabu mizani: neno "mbuni" lina silabi ngapi?

Ndugu zangu, mimi ni mhandisi wa programu ninayependa pia hisabati na ushairi. Naandika programu ya kukagua utenzi, ambao kwa kawaida kila ubeti wake una mishororo minne yenye mizani (yaani silabi) minane. Kwa kuwa silabi za Kiswahili karibu zote huishia kwa irabu, nilidhani kuhesabu irabu kungetosha, lakini "mtu" lina irabu moja na silabi mbili. Nifanyeje?

Jibu la 1
Herufi m ikitangulia t, k, s au l, ihesabu kuwa silabi kamili. Ugumu hasa uko kwenye mb na mv: mbuni aliye ndege ana silabi mbili, ilhali mbuni anayebuni ana tatu, na maandishi ni yaleyale. Iruhusu programu ijaribu hesabu zote mbili, kisha ichague ile inayotimiza mizani minane.

Jibu la 2
Usisahau n ya "nchi" na "nta", ndugu yangu. Nami nafurahi kuona kazi hii, kwa sababu ina ukoo wa kale: al-Khalil ibn Ahmad al-Farahidi, mwanazuoni wa karne ya 8 aliyetokea Oman na kufundisha Basra, ndiye aliyeweka kanuni za arudhi, yaani elimu ya vipimo vya ushairi, ya Kiarabu, na kamusi yake aliipanga kwa kugeuza mpangilio wa herufi za mzizi wa neno, kwani herufi tatu hutoa mipangilio 6.

Muulizaji
Nashukuru sana. Nitaanza na hesabu mbili za mb.