Naomba ushauri: nawafundishaje vijana wa Tanga maumbo yaliyoachwa na barafu?

Mwalimu_Ngamiani
Wakuu, habari za humu. Nafundisha tuisheni ya jiografia, kidato cha tano na sita, hapa Tanga mjini. Tumefika kwenye mashapo ya barafu na vijana wamekwama. Moreni, drumlini, eska, kwao vyote ni vilima tu. Maana wamekariri, ila ukiwapa picha tupu hawajui ipi ni ipi. Nawaelewa, barafu wanayoijua ni ya kwenye friji, haitembei wala haibebi mawe. Niwachangishe nauli twende mapango ya Amboni?

Kokoto
Mwalimu, Amboni iache kwa mada nyingine. Kule maji yameyeyusha mwamba wa chokaa, utawachanganya zaidi. Waanzishe na swali moja: mzigo huu umeshushwa na barafu yenyewe au na maji yake? Barafu haichagui. Inabeba jiwe kubwa kama nyumba pamoja na unga wa mawe, ikiyeyuka inavibwaga pamoja. Hiyo ndiyo moreni, iwe ya pembeni, ya kati au ya mwisho. Maji huchambua: mazito yanatua kwanza, mchanga unaenda mbele. Eska ni kazi ya maji. Mto ulipita kwenye handaki chini ya barafu ukalijaza changarawe, barafu ilipoisha ukabaki mgongo mrefu unaopindapinda. Watafutie picha ya Punkaharju, Finland.

BintiPangani
Shikamoo mwalimu. Jaza kopo mchanga, kokoto na maji, gandisha usiku kucha. Asubuhi weka lile bonge juu ya ubao ulioinama, liache liyeyuke. Chini yake kokoto na tope vitabaki vimeshikana ovyo, na mbele kidogo kijito kitakuwa kimetandaza mchanga mwembamba peke yake. Wachore hapohapo kabla hapajakauka.

Mwalimu_Ngamiani
Marahaba binti, hili nalifanya Jumamosi. Drumlini je?

Kokoto
Drumlini ni kilima kirefu cha umbo la yai lililolazwa, barafu ilikifinyanga ikipita juu yake. Hukaa makundi makundi, County Down huko Ireland Kaskazini zimejaa. Upande mnene wenye mteremko mkali ndiko barafu ilikotokea, mkia mrefu ndiko ilikoelekea. Wakipewa ramani, mwelekeo wausome hapo.

Mpanda_Kibo
Naongeza. Wasidhani haya ni ya Ulaya tu. Kilimanjaro na Mlima Kenya zina moreni chini kabisa ya mahali barafu ilipo leo, ushahidi kwamba zamani ilishuka mbali. Waonyeshe Bonde la Teleki, Mlima Kenya, kwenye picha za setilaiti. Ila eska na drumlini wazitafute kulikofunikwa na barafu ya bara zima, kama Ulaya ya Kaskazini na Kanada.

Mwalimu_Ngamiani
Asanteni sana. Kokoto za kwenye kopo, ziwe za aina yoyote?

Kokoto
Tumia zilizopondwa, zenye kona. Mawe mengi ya moreni yana kona, ya eska yameviringika kwa kusuguana majini. Wakiulizwa tofauti ya hizo mbili, hiyo ni hoja nyingine ya kuandika.