Mada: Fomu ya chama cha wafanyakazi, kadi ya Labour, na kura kwa walio nje

Kutoka Ujiji

Wana mwisho wa reli na ndugu wa Tabora, salaam. Vijana wetu wanaofanya kazi Uingereza, Ujerumani na Sweden wanaletewa fomu za chama cha wafanyakazi, na baadhi zina kisanduku cha kuchangia chama cha siasa. Wazazi huku wanauliza: ukitia tiki umeshakuwa mwanachama wa Labour, chama cha siasa cha Uingereza? Pasipoti inaguswa? Kura je, wanaruhusiwa? Mlioko huko tujibuni nchi kwa nchi.

Kutoka Leeds

Shikamoo mjomba. Pasipoti kwanza: kinachomwondolea mtu mzima uraia wa Tanzania ni kuchukua uraia wa nchi nyingine. Kadi ya chama haihusiki.

Tiki nayo haikufanyi mwanachama. Labour iliasisiwa mwaka 1900 na vyama vya wafanyakazi vyenyewe vikishirikiana na vikundi vya kijamaa, ndiyo maana Unison, Unite, GMB na Usdaw vimefungamana nayo hadi leo. Unison ina mifuko miwili ya siasa, mmoja unakwenda Labour na mwingine ni wa kampeni zisizo za chama chochote. Soma fomu uone umechagua upi. Muuguzi aliyejiunga na Royal College of Nursing asihangaike kutafuta kisanduku, chama hicho hakijafungamana na Labour. Anayetaka kadi kamili ya Labour anajaza fomu ya Labour na kulipa ada yake. Umri ni kuanzia miaka 14, na asiye raia awe ameishi Uingereza zaidi ya mwaka mmoja.

Kinachopotea bure kwa watu wetu ni kura. Tanzania imo Jumuiya ya Madola, kwa hiyo Mtanzania mwenye kibali halali cha kuishi, hata cha mwanafunzi, anapiga kura ya udiwani na ya Bunge pia. Unajiandikisha mtandaoni ukiwa na namba ya National Insurance (bima ya jamii), na mwisho ni siku 12 za kazi kabla ya uchaguzi. Ukihama nyumba, jiandikishe upya. Wanaohama vyumba kila baada ya miezi michache ndio hukuta hawamo kwenye orodha.

England ilianza kudai kitambulisho cha picha kituoni Mei 2023. Pasipoti ya Tanzania inakubalika, hata iliyokwisha muda, ilimradi sura bado ni yako. Tatizo la kwetu ni majina: daftari la wapiga kura lina jina la mume, pasipoti ina la baba. Nenda na cheti cha ndoa, la sivyo unaweza kurudishwa. Usiye na kitambulisho chochote, kuna cheti cha bure cha mpiga kura. Kiombe kabla ya saa 11 jioni, siku 6 za kazi kabla ya uchaguzi. Faida ya pembeni ni kwamba kampuni za mikopo huangalia daftari la wapiga kura kuthibitisha anwani yako.

Kutoka Malmö

Sweden ni tofauti. Asiye raia, na asiyetoka Umoja wa Ulaya au nchi za Nordic, anapiga kura ya manispaa na ya mkoa baada ya kuandikishwa makazi miaka 3 mfululizo. Neno la kuangalia ni "mfululizo": ukifutwa kwenye daftari la makazi kwa kuhamia nje kisha ukarudi, unahesabu upya. Kadi ya kura inakuja yenyewe kwa posta, huhitaji kujiandikisha. Kituoni utaona karatasi za rangi tatu. Nyeupe ni manispaa, bluu ni mkoa, hizo ndizo zako. Ya njano ni ya Bunge, iache.

Chama cha siasa cha Socialdemokraterna na LO, shirikisho la vyama vya wafanyakazi, ni ndugu wa siku nyingi, lakini ule utaratibu wa tawi zima la wafanyakazi kuingizwa chamani kwa pamoja ulishafutwa. Na mfuko wa kukosa kazi, a-kassa, ni kitu cha tatu kabisa. Kulipa ada ya chama cha wafanyakazi peke yake hakukupi malipo ya a-kassa.

Kutoka Dortmund

Huku chama cha siasa cha SPD kinapokea wageni, kuanzia miaka 14. Sheria inachokataza ni chama ambacho wengi wa wanachama au viongozi wake ni wageni. Kura ya serikali hatuna hata ya mtaa, Mahakama ya Katiba ililifunga hilo mwaka 1990. Wageni wanaopiga kura za mitaa ni raia wa Umoja wa Ulaya tu.

Wazee waliozoea NUTA, chama cha wafanyakazi kilichoundwa 1964 na kuwekwa chini ya TANU, wanadhani na hapa ni hivyo. Sivyo. Vyama vya wafanyakazi vya IG Metall na ver.di havifungamani na chama chochote cha siasa. Ada ni asilimia 1 ya mshahara kabla ya makato. IG Metall hulipa posho ya mgomo kwa aliyetimiza miezi 3 ya uanachama, hivyo anayekimbilia kujiunga mgomo ukiwa mlangoni hapati kitu.

Kura tuliyo nayo ni ya baraza la wafanyakazi, Betriebsrat. Huchaguliwa kila miaka 4, kati ya Machi na Mei, kwenye kampuni yenye watu 5 au zaidi. Uraia hauulizwi. Unapiga kura kuanzia miaka 16, na ukitimiza miaka 18 na miezi 6 kazini unaweza kugombea. Baraza hilo lina sauti kwenye zamu na saa za ziada, kwa hiyo kwa mtu wa ghala lina uzito kuliko kadi ya SPD.

Kutoka Houston

Marekani msitie tiki hovyo! Fomu ya leseni ya udereva ina sehemu ya kujiandikisha kupiga kura. Asiye raia, hata mwenye ukaazi wa kudumu, akijaza hapo anaweza kufukuzwa nchini, na fomu ya uraia N-400 itamuuliza swali hilohilo.

Kutoka Tabora

Ahsanteni. Je, umoja wetu huku ukitaka kumchangia kijana wetu anayegombea udiwani kwa tiketi ya Labour?

Kutoka Leeds

Msitume. Mchango kwa mgombea unaozidi pauni 50 lazima utoke kwa aliyemo kwenye daftari la wapiga kura la Uingereza, au taasisi inayotambuliwa huko. Umoja wa Tabora haumo. Kumgawia mtu wa Leeds fedha zenu azitoe kwa jina lake ni kosa pia.