Mrejesho: Nguo za mbwa ninazoshona hapa Dar

Wakuu, niliwauliza kama nguo za mbwa za kushona nyumbani zinaweza kuuzika kwenye joto hili la Dar, na kama nianze na masweta. Wengi mkanikataza masweta. Mlinisaidia sana, maana mbwa hatoki jasho mwilini kama sisi, anajipoza kwa kuhema. Kumvika sufu mwezi wa pili ni kumtesa tu.

Kinachotoka ni skafu za kitenge za shingoni, na makoti mepesi wakati wa masika. Vitambaa nachukua Kariakoo. Wateja wengi wako Masaki na Mbezi Beach.

Kazi iko kwenye vipimo. Mteja anakwambia "ni German Shepherd," ukimwona ni chotara mwembamba! Siku hizi nadai kipimo cha kifua, nyuma tu ya miguu ya mbele, kisha shingo, ndipo mgongo. Na dume namkatia upande wa tumboni mfupi, la sivyo koti linaloa mkojo siku hiyo hiyo. Vifungo siweki kabisa, watoto wa mbwa wanavitafuna na kuvimeza. Natumia velkro, ule utepe wa kunata na kubandua, ila chini yake nashonea kitambaa isinase manyoya.

Aliyesema nichukue nusu ya pesa kabla ya kukata kitambaa, ubarikiwe sana. Wale wa "nitakutumia jioni" wamepungua.

Sasa natafuta lastiki pana, laini, isiyolegea ikifuliwa. Mwenye kujua duka anitonye.