Mtoto kaungua mguu mwaloni, ofisi ya ustawi inaniomba nauli! Fungu la watoto hawa liko wapi?

Wakuu, habari za usiku. Nina hasira, mtanisamehe maneno yakitoka makali. Jina la halmashauri silitaji, mkoa wetu wa Kigoma unazo nane na sitaki yule afisa aje kuandamwa.

Mwezi uliopita tulimkuta mtoto wa miaka tisa amelala chini ya kichanja cha dagaa hapa mwaloni kwetu, wanaposhusha na kuanika samaki. Mguu umeungua, umeshaanza kutoa usaha. Mama yake alifariki, baba alivuka ziwa kwenda Kongo hajarudi, na bibi anayemlea macho yake hayaoni vizuri. Mtoto anaanika dagaa, analipwa dagaa, ndiyo wanakula. Mimi ni mjumbe wa kamati ya ulinzi wa wanawake na watoto ya mtaa, zile kamati za MTAKUWWA, mpango wa taifa wa kutokomeza ukatili dhidi ya wanawake na watoto. Hatulipwi na sijawahi kudai kulipwa. Nikambeba mpaka zahanati, dawa nikanunua mwenyewe, halafu nikaenda ofisi ya ustawi wa jamii.

Afisa ni dada mwenye moyo, sina ugomvi naye hata kidogo. Akaniambia: "Mama, pikipiki ipo, mafuta hatujapewa tangu robo iliyopita. Ukiniwezesha nauli ya boda nakuja leo hii." Yaani mimi muuza mihogo nimlipie mtumishi wa serikali aje kumwona mtoto aliyeungua! Nikatoa elfu sita. Akaja, akaandika, tukakwama: tumlaze wapi? Nyumba salama hakuna. Mlezi wa kuaminika aliyesajiliwa kata nzima hakuna. Mtoto akalala kwangu siku kumi na nne, chumba kimoja na wanangu watatu.

Zamani nauli hiyo ilitoka kwenye mradi wa wafadhili, na madaftari, na bima. Januari 2025 Marekani iliposimamisha misaada, wahudumu tuliozoea kuwaona na mabegi yao wakipita nyumba kwa nyumba hapa mtaani hatukuwaona tena. Wafadhili siwalaumu, hela ni yao. Ninachouliza ni kwa nini kazi hii iliachwa mikononi mwao miaka yote. Sheria ya Mtoto ya 2009, kifungu cha 94, inaipa mamlaka ya serikali za mitaa jukumu la kulinda na kuendeleza ustawi wa mtoto aliye katika eneo lake. Mfadhili hakutajwa pale.

Nikauliza kwenye mkutano wa mtaa. Jibu: TASAF ipo, ule mfuko wa serikali wa kaya maskini. TASAF inalipa kaya iliyoandikishwa, na huyo bibi hayumo kwenye orodha. Asilimia kumi ya mapato ya ndani ya halmashauri nayo ni mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Mtoto wa miaka tisa akakope?

Kilichoniuma zaidi ni mzee mmoja aliyesimama akasema serikali haikuzaa, mtoto alelewe na ndugu zake. Watu wakampigia makofi! Mzee wangu namheshimu, lakini mwaka 2024 ziwa lilipofungwa tusivue kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, ndugu gani hapa mwaloni alikuwa na cha kumpa mtoto wa mwenzie? Mimi mwenyewe nilikuwa nakopa unga dukani. Undugu upo, tena bila undugu huyu mtoto angeshakufa, ila undugu haununui dawa ya kidonda kila siku. Na hela ya halmashauri si ya mtu mwingine. Kila gunia la dagaa linalotoka hapa linalipiwa ushuru, na dagaa hizo zimeanikwa na mikono ya huyo huyo mtoto.

Ninachotaka ni fungu la mapato ya ndani lililoandikwa kabisa kuwa ni la watoto walio katika mazingira hatarishi: mafuta ya pikipiki, matibabu, posho ya walezi wa kuaminika. Lisomwe kwenye mkutano wa mtaa kama yanavyosomwa mapato na matumizi mengine.

Jana nimemwona mtoto karudi kichanjani, bandeji imelowa maji. Nimempigia afisa, mafuta bado. Mlioko Kasulu, Kibondo, Uvinza, hata Tabora, kwenu halmashauri inatenga chochote? Nileteeni mfano niende nao kwa diwani kabla vikao vya bajeti havijaisha.