Chumba cha watoto hakipoi: mabomba ya hewa darini

Wandugu, habari za huko mliko.

Tuko Houston, mwaka wa pili katika nyumba hii. Kiyoyozi kinanguruma mchana kutwa, sebule inapoa, lakini chumba cha watoto ni joto la Dar mwezi wa pili. Fundi aliyekuja anataka tununue mashine kubwa zaidi. Jirani anasema mabomba ya hewa, yale yanayopeleka ubaridi vyumbani, yanavuja darini. Nani ameshayaziba mwenyewe? Mkanda wa gundi wa kijivu ninao.

— Dada wa Houston

*

Dada, huo mkanda wa kijivu funga nao maboksi. Kwa Kiingereza unaitwa mkanda wa mabomba, na kazi hiyohiyo ndiyo unayoshindwa. Maabara ya Lawrence Berkeley, California, waliujaribu mwaka 1998 pamoja na vizibo vingine, na huo wa kitambaa ndio ulioachia vibaya. Joto la darini hukausha gundi. Kwangu niliukuta unaning'inia kama gamba la nyoka.

Nunua mastiki, uji mzito wa kopo, upake kwa brashi mpaka ufiche kiungo chote. Ufa uliozidi robo inchi utandikie wavu wa nyuzi za kioo kwanza. Kama lazima utumie mkanda, chukua wa karatasi ya bati wenye alama ya UL 181, yaani uliopimwa kwa kazi ya mabomba ya hewa. Yale mabomba laini yanayopindika yanataka zaidi: vuta ganda la ndani juu ya shingo ya bati, paka mastiki, kaza kwa kamba ya plastiki, ndipo urudishe pamba ya kuzuia joto na ganda la nje.

Anzia kwenye mashine, msukumo ni mkubwa hapo, hasa upande unaovuta hewa. Ukivuja huo, unanyonya joto na unyevu wa darini na kuvileta ndani. Kijiti cha udi kitakuonyesha: moshi ukimezwa au ukipeperushwa, hapo pana tundu. Angalia tu usichome pamba.

Panda alfajiri, vaa barakoa, kanyaga boriti. Mimi nilikanyaga kando, mguu ukatokea chumba cha wageni, na wageni walikuwemo.

— Kaka yako, Dallas

*

Mwanangu, kaka yako amesema vema, nami naongeza mawili. Kama hita yako ya maji ni ya gesi na iko karibu na bomba linalovuta hewa, uvujaji unaweza kurudisha moshi wake ndani. Kaboni monoksaidi, gesi ya sumu iliyomo katika moshi huo, haina harufu. Weka king'ora chake kabla ya kugusa chochote. Na ukikuta bomba kuukuu limeviringishwa kitu cheupe kama plasta, huenda ni asibesto, ambayo vumbi lake hudhuru mapafu: usikikwangue, ita wenye kazi yao.

— Mzee wa Minnesota

*

Shikamoo mzee, asante kaka. King'ora nimeweka, na leo saa kumi na mbili asubuhi nimepanda. Bomba la chumba cha watoto halikuwa linavuja, lilikuwa limechomoka kabisa! Mwaka wa pili huu tunawalipia panya kiyoyozi. Nimelirudisha, nimepaka mastiki mpaka kwenye nywele. Saa nane mchana mtoto ameomba shuka.

Yule fundi wa mashine kubwa nimempigia asije.