Nyota yako ikuchagulie kazi? Mimi napinga, njooni tubishane

Wakuu, orodha hizi mmeziona: Simba awe kiongozi, Mashuke awe mhasibu, Nge awe mpelelezi, Kaa awe muuguzi, na Mizani (mngetegemea nini?) awe hakimu. Zikiwa burudani, sina neno. Tatizo langu ni kwamba siku hizi kijana aliyemaliza shule anapewa orodha hiyo kama ushauri wa kazi, naye anaamini.

Tazameni kwanza kisichokuwemo. Hakuna nyota ya mfagizi, ya mlinzi wa usiku, wala ya mzibua vyoo, ingawa nao wamezaliwa katika miezi hiyohiyo 12. Kila mtu anagawiwa kazi ya kujivunia, kwa hiyo kila mtu anaona amepatiwa. Mwaka 1948 mwanasaikolojia Bertram Forer aliwapa wanafunzi wake maelezo ya tabia, kila mmoja akidhani ameandikiwa yeye peke yake. Waliyapa wastani wa takriban alama 4.3 kati ya 5 kwa usahihi. Kumbe darasa zima lilipewa maelezo yaleyale, yaliyookotwa kwenye kitabu cha unajimu.

Najua jibu linalokuja: orodha ni za juujuu, mnajimu wa kweli husoma chati nzima, yaani mchoro wa mahali jua, mwezi na sayari vilipokuwa mtu alipozaliwa. Hilo nalo lilipimwa. Katika jaribio la Shawn Carlson lililochapishwa 1985, wanajimu walipewa chati ya mtu pamoja na maelezo ya tabia za watu watatu, wachague yapi ni ya mwenye chati. Walipatia takriban mara moja katika kila tatu, yaani sawa na anayebahatisha.

Wengine humleta Mfaransa Michel Gauquelin, aliyekusanya tarehe na saa za kuzaliwa za maelfu ya watu waliovuma katika fani zao, akadai sayari ya Mirihi inahusiana na mabingwa wa michezo. Dai hilo limebishaniwa miaka mingi. Ila wanaomtaja huruka jambo moja: alipozilinganisha nyota 12 na kazi za watu, hakuona uhusiano wowote. Shahidi wenu huyo!

Sasa nije kwenye hoja ambayo wapinzani wenzangu huikwepa, na sijui kwa nini. Mwezi wa kuzaliwa unaweza kweli kugusa kazi ya mtu. Katika timu za vijana, watoto hupangwa kwa umri kuanzia tarehe fulani. Anayezaliwa mara tu baada ya tarehe hiyo huwazidi wenzake wa kundi lake kwa miezi mingi, na utotoni miezi hiyo ni kimo na nguvu. Kocha anadhani ameona kipaji, anamchagua, anamfundisha zaidi, na pengo linakua. Mwenzake wa miezi ya mwisho anakaa benchi hadi anakata tamaa.

Ubelgiji walikuwa wakianza kuhesabu Agosti 1 kwenye soka la vijana. Waliopendelewa walikuwa wazaliwa wa miezi inayofuata, yaani akina Simba, Mashuke na Mizani. Mwaka 1997 tarehe ikahamishiwa Januari 1, na upendeleo ukahama nayo: wakaanza kutamba wazaliwa wa Januari hadi Machi, akina Mbuzi, Ndoo na Samaki. Angani hakuna kilichobadilika. Kilichobadilika ni karatasi ya chama cha soka.

Kwa hiyo kijana akiuliza kazi gani inamfaa, mimi ningemuuliza somo gani analifanya bila kusukumwa, na kama amewahi kukaa hata wiki moja na mtu anayeifanya kazi hiyo. Nyota ningeiacha.

Mnaozitetea, nina swali moja tu: kabla ya 1997 na baada yake, nyota ya mwanasoka wa Ubelgiji ilikuwa ipi?